Hadithi Yangu Imemfanya Baba Muuaji

Admin, nifichie jina, maana mashabiki wakinijua watavunja geti letu, na geti lenyewe ni la mabanzi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, nakaa huku juu migombani, Moshi. Kuanzia Holili mpaka Sanya Juu hakuna anayeandika hadithi kunizidi, na hao wa Dar nawahurumia tu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuna mama wa Chekereni aliunguza wali wa kipaimara cha mwanawe kwa sababu nilimwacha shujaa wangu ananing'inia darajani mwisho wa sehemu ya tisa. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba, natuma kwenye magrupu, watu wanalia "ongeza, ongeza!" Damu, mapenzi, mzimu mmoja, basi.

Dada yangu ni mwalimu wa Kiswahili mjini. Naye anaandika, ila ule uandishi wa kisomi. Kitabu kimoja, mwaka wa sita huu. Nilikuwa namtania, "Dada, mhusika wako akitaka kunywa chai, msomaji anazeeka." Ananijibu, "Na wa kwako wanakufa maji hayajachemka." Tunacheka, maisha yanaendelea.

Kitabu chake kinamhusu baba. Zamani baba alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Mwenzake mmoja alifia huko juu akaacha mke mjamzito. Baba hakuwahi kutusimulia sisi wengine. Alimsimulia dada peke yake, naye dada akayaandika kwenye daftari kwa mkono. Mwaka huu akanipa nimchapie, kwa kuwa nina kasi. Nikafungua. Wapagazi wawili wanafunga mizigo. Ukungu. Wanafungua, wanafunga tena. Mmoja anakumbuka ndizi za mama yake. Nikasema, Mungu wangu, hapa mtu atasinzia akiwa amesimama.

Nikaichangamsha. Wapagazi wangu wakampenda mwanamke mmoja, na sehemu ya sita mmoja akamsukuma mwenzake korongoni. Juu nikaweka KISA CHA KWELI, KUTOKA DAFTARI LA FAMILIA, maana cha kweli kinasambaa haraka. Majina nilibadilisha. Kijiji, mlima na mjane aliyebaki na mimba niliviacha vilevile.

Ilisambaa kuliko zote. Nilitembea kijijini kama mbunge.

Jumapili, baada ya ibada, pale nje ya kanisa huwa tunanadi mazao ya sadaka, na mnadishaji ni baba, miaka yote. Ana maneno yule mzee, kuku mgonjwa atamuuza kama tausi. Siku hiyo akainua mkungu wa ndizi. "Haya, wapendwa, nani anaanza?" Kimya. Akauzungusha. "Jamani, hata bei ya utani?" Sauti ikatoka nyuma, "Uweke chini mzee, usije ukausukuma na wenyewe."

Watu wakacheka. Mimi pia mdomo ulianza kucheka, halafu nikamwona aliyesema. Ni mtoto wa yule marehemu, yule aliyekuwa tumboni. Sasa ni mwanaume wa miaka thelathini, fundi pikipiki, mikono kama mashina. Akamsogelea baba mbele ya mchungaji. "Usikanyage tena kwa mama yangu. Nikikukuta kwenye njia ya mfereji, nitakufanya ulivyomfanya baba." Baba akautua mkungu taratibu, akachukua kofia, akaondoka. Tangu hapo hajatoka nje ya kihamba chetu, hili shamba la migomba linalozunguka nyumba.

Kesho yake mjane akaja nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia.

"Baba yako alimshusha mume wangu mgongoni siku nzima," akasema. "Alimfia mgongoni, na bado hakumtua mpaka wakafika geti la mlima. Mgongo wake ule uliopinda unadhani ni wa kubeba majani ya ng'ombe? Mwanangu nimemweleza hayo tangu mdogo. Leo ananiambia, mama ulidanganywa, wenyewe wameandika."

Nikaposti haraka kwamba ile ilikuwa hadithi tu. Mnajua walivyonijibu? "Umetishiwa." "Pole mwandishi, ukweli tumeshaujua."

Dada hakunifokea. Alichukua daftari lake, akasema, "Mapanga na mapenzi sina shida nayo, mdogo wangu. Ungeweka hata mizimu kumi. Ila ulimwangalia baba, ukaona hatoshi kuwa hadithi."

Sasa wazee wa ukoo wamepanga Jumamosi tupeleke isale kwa yule mjane. Kwetu Wachagga, jani la isale hulipeleka mwenye kosa anapoomba msamaha. Baba mdogo alitaka baba alibebe ili mambo yapoe. Baba akakataa. "Nikilishika mimi, nimekiri kuua. Alishike aliyeandika."

Kwa hiyo ni mimi. Nitasimama mbele ya yule fundi na jani mkononi, na najua atauliza swali moja. Nisipokwenda, baba anabaki muuaji mpaka azikwe. Nikienda nikajibu kweli, sijui kama nitatoka pale na meno. Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: nimjibu yote mbele ya mama yake, au niseme tu samahani nikabidhi jani nikimbie?

Kabla hamjanishauri, kuna jambo baba na dada hawalijui. Siku mbili kabla ya ule mnada, yule fundi alinipigia simu. Kwa adabu kabisa. "Kaka, nakufuatilia kila sehemu. Mama ananieleza vingine. Naomba unijibu kiume, kwenye daftari imeandikwa hivyo?" Angeniamini kwa neno lolote. Nikamwambia, "Hivyo hivyo, kaka, sijaongeza hata nukta." Na daftari lile la kurasa mia mbili, nilikuwa nimesoma kumi na nne.