Karatasi za Ubongo Kutoka Kamembe

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu kompyuta yetu haikuwa na kazi. Serikali ilikuwa imekubali kugharamia mradi mpya chuoni, wa kuhifadhi vipimo vya ubongo kwenye kompyuta ili wataalamu wa nchi mbalimbali wavilinganishe. Profesa wetu aliuita elimu ya siku zijazo. Tulikuwa na kompyuta, feni mbili za kuipoza na kamati iliyokutana kila wiki. Vipimo ndivyo hatukuwa navyo. Ndipo Profesa akakumbuka kwamba rafiki yake, daktari wa kifafa, aliwahi kupima wagonjwa wengi huko Cyangugu, magharibi kabisa mwa Rwanda. Daktari hakuokoka vita vya huko. Karatasi zake zilisemekana kuokoka. Mimi, fundi wa mradi, nikatumwa nizilete.

Siku ya nne, asubuhi, nilitoka Kigali nimekaa mbele ya lori la chumvi, nimepakata skana iliyofungwa blanketi. Katika msitu wa Nyungwe askari walitusimamisha.

“Hiki nini?” mmoja akauliza.

“Mashine ya kunakili karatasi.”

“Karatasi gani?”

“Za ubongo.”

Alinitazama kwa muda, akamtazama dereva, kisha akaturuhusu. Nadhani alinihurumia.

Alasiri tukateremka Kamembe, mji wa Cyangugu. Ng'ambo ya ziwa Bukavu ilionekana karibu, na huko Kongo vita vilikuwa vikiendelea. Hata hivyo pale mpakani, kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, wanawake walivuka na mizigo ya unga na sabuni migongoni, kamba zimewakaza paji la uso, kana kwamba vita ni mvua tu, itanyesha na itapita.

Zahanati niliyoelekezwa ilisimamiwa na nesi mmoja, Maman Zaina, mama wa Kiislamu aliyefanya kazi na yule daktari miaka mingi. Alisoma barua yangu yenye mihuri mitatu, akafungua kabati. Karatasi zilikuwepo, ndefu, zimekunjwa mkunjo juu ya mkunjo, na juu yake mawimbi ya ubongo yaliyochorwa na mashine ya daktari. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikageuza moja.

Nyuma kulikuwa na majina. Mamia ya majina, kwa wino mzito na mwandiko wa watu wengi. Baada ya vita, alinieleza, watu walivuka mpaka huku na huko wakitafutana, na karatasi nyingine haikuwepo. Kila aliyepita aliandika ni nani anayemtafuta, au amemwona nani, na wapi.

“Profesa anataka karatasi zenyewe,” nikasema.

“Papa, unaongea kama kitabu,” akajibu kwa Kiswahili cha Kongo. “Lakini hii makaratasi haitoke hapa. Bantu banakuya kila siku kutafuta batoto yabo.”

“Hizi ni mali ya elimu, mama.”

“Hiyo elimu ilikuwa wapi tulipokosa karatasi?”

Nikaichukua barua yangu, nikaikunja. Tukakubaliana ninakili palepale, umeme ukiwepo.

Siku tatu nilikunjua na kunakili. Siku ya pili akaja Maman Sifa, mchukuzi wa mpakani, ambaye kila siku ya soko huuliza habari za binti yake Furaha, aliyepotezana naye njiani wakikimbia. Alisimama akaitazama skana ikimulika.

“Banasema mashini yako inajua bongo ya muntu,” akasema. “Inionyeshe basi kwenye mutoto wangu iko.”

“Haijui hivyo, mama. Inanakili mistari tu.”

“Mashini mukubwa hivi?” Akacheka kidogo, akaenda zake na mzigo.

Kesho yake, mkunjo mmoja ulikuwa umegandamana kwa unyevu. Kwa ajili ya kusoma majina hakuna aliyediriki kuubandua, asije akauchana. Mimi, kwa ajili ya mawimbi ya ubongo, niliubandua kwa kisu. Nyuma yake paliandikwa: “Furaha wa Sifa. Mzima. Yuko Bugarama, kwa wakulima wa mpunga.”

Maman Zaina alisoma mara mbili, akavua miwani, akakimbilia mpakani na koti lake jeupe. Waliporudi, Maman Sifa aliniomba nimwekee kidole chake juu ya jina. Hakujua kusoma. Alikiacha pale kwa muda mrefu, na skana ikasubiri.

Nilirudi Dar kwa njia ileile. Baadaye dereva wa lori aliniletea barua ya Maman Zaina: Furaha amepatikana, ana mume na mtoto mchanga, na Maman Sifa amehamia huko na tayari anagombana na mkwewe.

Mwishoni mwa mwaka, mkubwa mmoja wa wizara alikuja kuona fedha za umma zilivyotumika. Profesa akamwonyesha mawimbi kwenye kompyuta, akaeleza jinsi elimu hii itakavyokua. Mgeni akasogea karibu.

“Na hivi vivuli ni nini? Kama maandishi yaliyogeuzwa.”

Wino wa majina ulikuwa umepenya hadi upande wa pili.

“Uchafu tu, mheshimiwa,” Profesa akasema. “Fundi wetu atausafisha.”

Mheshimiwa akaridhika, na mradi ukaongezewa muda. Safari ile ilinifunza kwamba hata uvivu wa fundi una manufaa kwa taifa. Kila wiki kamati inaniuliza kazi ya kusafisha imefika wapi. Nami huwajibu kwamba ni kazi ngumu, na bado sijaianza.