Honi ya Pikapu ya Baba

Tangu baba afariki, pikapu yake ilikaa kwenye kibanja chetu cha Ihanda, migomba imeizunguka, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Wanunuzi wa chuma chakavu hawakuchoka kuja na bodaboda kuiulizia. Mama aliwajibu kwa upole kwamba haiuzwi, kisha akarudi kumenya ndizi zake. Mimi sina upole huo. Niliwaambia waende wakang'oe mabati ya nyumba zao.

Nilipoamua kuifufua, majirani walidhani nimekosa kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sina biashara inayohitaji gari, na Jumamosi zangu zikawa zinaishia uvunguni mwake, nimelalia gunia, kutu ikinidondokea machoni. Nilipenda. Ukipiga msasa bati moja tangu asubuhi, mpaka ile rangi ya kijani ya zamani ichungulie, hutatamani kwenda hata harusini. Mzee mwenye duka la vipuri Kayanga, ambaye babu zake walitoka Tanga, alinitania kila nilipokwenda.

"Mwanangu, la kuvunda halina ubani."

"Shikamoo kwanza, mzee. Na mimi sichomi ubani, napiga msasa."

Alicheka, akanitafutia plagi. Sikumwambia kwamba katika gari lote lile, nilichokitaka hasa ni honi.

Baba alikuwa akisomba kahawa za watu kutoka Mabira na Bugomora, njia nzima vumbi. Akifika kona ya chini, kabla ya kupandisha kwetu, alipiga honi mara moja. Ilikuwa honi mbovu, yenye sauti ya mtu mwenye mafua. Hapo mama aliacha alichokuwa akifanya, akaipua maji jikoni, akayapeleka kwa beseni bafuni, nyuma ya nyumba. Baba akishuka, maji yako tayari. Sikuwahi kuwasikia wakiambiana maneno ya mapenzi. Nilisikia honi, kisha nikasikia beseni likitua. Tangu tumzike, jioni za kwetu zilikuwa kimya, na nilizitamani sauti zile mbili mpaka kifua kikauma.

Kazi ya injini ilipozidi uwezo wangu, tuliivuta pikapu hadi gereji Kayanga. Fundi wa huko, mtu wa maneno mengi, aliiona honi akaing'oa.

"Mwalimu, hii inakohoa tu. Nikufungie mpya, watu wakupishe barabarani."

"Ukiitupa hiyo, gari hili hutaligusa tena."

Aliisafisha bila neno, akairudisha mahali pake.

Mama alijua gari lipo gereji, ila sikumwambia siku ya kulirudisha. Njiani watu walisimama kulitazama, na mimi nilijidai kidogo, kwa nini nisijidai? Nilipofika kona ya chini, majidai yote yakaniisha. Niliogopa. Huenda mama alikuwa amekwisha kuzoea ukimya, na mimi naenda kumtonesha kidonda kwa sababu ya hamu yangu mwenyewe. Nikapiga mara moja. Honi ikakohoa vilevile, nami nikapandisha kilima machozi yakinitoka.

Uani hapakuwa na mtu. Nilizima injini, na katika ukimya ule nikasikia beseni likitua nyuma ya nyumba.

Mama akatokea, mikono imelowa, taulo begani. Aliliangalia gari kwanza, kisha akaniangalia mimi.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Baba yako najua alipo. Asubuhi nimepalilia kaburi lake." Akaitazama mikono yake. "Hii ndiyo haikuningoja."

Akanitupia taulo.

"Nenda ukaoge, mwanangu, yasije yakapoa."

Nilikwenda nikaoga. Maji yalikuwa ya moto mno kwangu, kama alivyoyapenda baba.