Laini ya Mwalimu Nyagaka

Si kweli kwamba Yunia Bosibori huongea na marehemu mumewe kwa simu. Wala si kweli kwamba marehemu alituma mchango wa matanga kutoka kaburini, ingawa hadithi hiyo imetoka soko la Chepilat na sasa inasimuliwa hadi Boito, ikitiwa chumvi kila inapopita. Yunia alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Mambo ya mizimu hana haja nayo. Kilichotokea ni kwamba alibonyeza moja badala ya mbili.

Mumewe, Mwalimu Nyagaka, alifariki miaka miwili iliyopita katika hospitali moja mjini Kericho. Aliacha mke, mabinti wawili, shamba dogo la majani chai, na kabambe, simu ndogo ya laini mbili ambayo vibonyezo vyake vilikuwa vimefutika namba. Laini ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ya mkewe, na namba ya siri ilikuwa moja kwa zote mbili, kwa sababu mwalimu hakuona kwa nini nyumba moja iwe na siri mbili. Malipo ya majani yaliingia katika laini ya kwanza. Kule kiwandani, namba ya majani, yaani ya mkulima, ilikuwa kwa jina la Nyagaka.

Kubadilisha jina hilo kulihitaji kikao cha ukoo na sahihi ya shemeji yake, Omosa. Omosa hakukataa kutia sahihi. Alisema tu, kwa upole wake ule, kwamba nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachiwi namba ya majani, kwa hiyo iandikwe kwa jina lake kwanza, yeye aihifadhi. Aliwahi kuhifadhi ng'ombe wawili wa mama yao. Hadi leo bado wanahifadhiwa.

Basi Yunia akanyamaza. Malipo yalipoingia, aliyahamishia laini yake mwenyewe, akanunua mbolea, akawalipa wachumaji, akapeleka karo ya binti mdogo. Alijua kwamba laini ya mtu aliyefariki haifai kutumiwa hivyo, na jambo hilo lilimchoma kuliko alivyokuwa tayari kukiri, yeye aliyewaadhibu watoto wa watu kwa kunakili majibu ya wenzao.

Binti mkubwa, Nyamusi, alimtumia simu janja kutoka Nairobi. Ilikaa kabatini, ndani ya boksi lake. Pale kwenye kituo cha kupimia majani, wakingojea lori, watu hawakumpa nafasi.

"Mwalimu, bado kabambe tu?" aliuliza Nelvine, jirani aliyekuwa na maneno mengi kuliko majani. "Nunua Tecno kama yangu. Stima ikipotea siku mbili, mimi bado naongea."

"Hata simu ikizima wewe bado unaongea," alidakia Kipkemoi, karani wa mizani. "Mwalimu, usimsikize. Mtu wa heshima anashika Samsung."

"Samsung gani? Hiyo yako yenye ufa kutoka Sotik mpaka Litein?"

"Ufa ni wangu, si wa Samsung. Niliiangusha mwenyewe."

"Simu ni ya kuongea," alisema Yunia. "Mkitaka kioo, nendeni kwa kinyozi."

Walicheka, naye akacheka nao. Hakuwaambia kwamba kadi ya Nyagaka ilikuwa ya zamani, ile kubwa, na simu mpya ilitaka kadi ndogo kama ukucha. Fundi wa sokoni angeweza kuikata kwa mkasi, lakini mkono wake ukiteleza kidogo tu, laini ingekufa. Dukani wangeibadilisha vizuri, ila wangetaka mwenyewe aje na kitambulisho. Kila mlango aliougusa ulimtaka Nyagaka.

Kisha Mzee Aron akafariki, jirani wa ng'ambo ya mto. Siku hizi mchango wa matanga hutumwa kwa simu ya mweka hazina, na mchana wa kikao majina husomwa mbele ya waombolezaji wote. Usiposikika, watu hugeuza shingo kukutafuta. Siku hiyo Yunia alichelewa shambani. Alipofika langoni alimsikia Esnah, mweka hazina, ameshaanza kusoma. Mke wa mwalimu hakuweza kuingia bila jina. Alitoa kabambe papo hapo, miwani ameiacha nyumbani; simu ikauliza laini ipi, akabonyeza, akatuma.

"Kipkemoi wa mizani," Esnah alisoma. "Familia ya Ogada. Nyagaka Ondieki." Akasita. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Nyagaka Ondieki. Imeingia sasa hivi."

"Woi! Mwalimu amemtumia Aron nauli!"

Wengine waliangua kicheko. Wengine walishika midomo. Yunia alisimama palepale langoni, uso ukimwaka.

Omosa, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, aliinuka. "Tulieni, watu wa Mungu. Laini ya ndugu yangu ninayo mimi. Ni mimi nimetuma, kwa heshima ya jina lake."

Watu walishusha pumzi. Mtu mmoja alipiga makofi. Omosa akamtazama Yunia kwa tabasamu la mtu aliyekuazima mwavuli.

Hapo ndipo Yunia alipoona mtego wote. Akinyamaza, aibu ingeishia hapo. Lakini watu hao wote, na mzee wa kijiji, Kiplimo, akiwa kiti cha mbele, wangekuwa mashahidi kwamba laini ya Nyagaka, na kila kinachoingia humo, viko mikononi mwa Omosa. Akisema, angekuwa mwanamke aliyetumia laini ya maiti, na kabla ya wiki kwisha laini yenyewe ingefungwa, majani ya mabinti yakae kiwandani bila mwenyewe.

Alitembea hadi katikati.

"Shemeji amekosea."

"Mama Nyamusi, keti," Omosa alisema kwa sauti ya chini. "Nimekufunika."

"Sikuomba kufunikwa." Alitoa kabambe kwenye mfuko wa sweta, akaiinua waione. "Laini iko hapa, na hajawahi kuishika mtu mwingine. Esnah, mchango ni wangu. Andika Yunia Bosibori. Na majani ya Nyagaka ni ya nyumba ya Nyagaka. Mzee Kiplimo, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu," alisema Kiplimo polepole. "Lakini unajua hiyo laini sasa itafungwa?"

"Najua."

"Na hiyo barua ya kubadilisha jina bado itataka mkono wa Omosa."

"Hilo pia najua."

Omosa hakuwa anatabasamu tena. "Basi waambie yote," alisema. "Namba ya siri ulipewa na nani? Umetoa mara ngapi? Umepeleka wapi? Watu wanangoja."

Kweli walikuwa wanangoja. Hata waliokuwa wakigawa chai walikuwa wamesimama na birika mkononi.

Yunia aliirudisha kabambe mfukoni, akafunga kifungo cha sweta.

"Ya kikao nimeyasema," alisema. "Mengine ni ya nyumba yangu. Sisemi zaidi."