Mwinyimvua na Umeme wa Mawimbi

Mwinyimvua, fundi baiskeli wa Kariakoo, hakuwahi kuona kitu akakiacha kifanye kazi yake tu. Mwaka ule mafuta ya taa yalipopanda bei, darasa la usiku la kisomo cha watu wazima wa nyumba kumi likawa gizani. Yeye akabeba pipa la maji la mkewe Kuruthumu, muuza uji, akaenda kulitia baharini.

"Wimbi linainua pipa, pipa linavuta mnyororo, mnyororo unazungusha dainamo," alimweleza balozi wa nyumba kumi, Mzee Tarsis. "Wimbi ni la bure, mzee wangu! Mchango wa mafuta nipeni mimi, ninunue mapipa mengine na betri."

Tarsis, Mchaga mwenye duka, si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. "Tukaone kwanza."

Jumapili wakateremka ufukweni, wanakisomo wote nyuma. Pipa likapanda, likashuka. Lakini kwa jua lile, nani angejua balbu iliyofungwa kwenye dainamo inawaka au imenuna? Kuruthumu akavua kanga yake ya juu, akamfunika balozi pamoja na balbu.

"Unaona nini, balozi?"

"Inakonyeza!" sauti ikatoka ndani ya kanga.

Watu wakacheka hadi wakakaa mchangani. Mwinyimvua akavimba. "Ngojeni wiki iishe ndipo muamue!"

Haya, wakangoja. Chumvi ikala mnyororo wa kwanza, akafunga mwingine. Nao ukaliwa, akafunga wa tatu, na minyororo siku zile ilikuwa adimu kama sukari. Abbasi muuza mkaa akaja akiisukuma baiskeli yake, akaambiwa hakuna mnyororo, akaondoka akiisukuma.

"Baba Zamda," Kuruthumu akasema, "hiyo bahari ni mteja gani? Inachukua tu, hailipi."

"Si imewasha taa?"

"Imekonyeza. Mimi nilikukonyeza mara moja nikapata mahari ya kawaida. Yeye umeshampa minyororo mitatu!"

Mwinyimvua akajitia kukaza nati, na nati yenyewe ilikwishakazwa tangu asubuhi.

Kikao kilipoketi, Tarsis akamgeukia. "Haya fundi, tukupe mchango?"

Akakohoa. Akamtazama Abbasi, akatazama vidole vyake vyenye kutu. "Mashine yangu ni nzima," akasema. "Wimbi ni la bure kweli. Chuma cha kulishika ndicho ghali."

"Kwa hiyo? Wanaotaka mafuta ya taa, mikono juu!"

Mikono ikapanda yote. Wa Mwinyimvua ukapanda mwisho, ukaishia sikioni. Akasema anajikuna.

"Jikune juu zaidi kidogo," Kuruthumu akamwambia, "balozi ahesabu."