Jagi Moja kwa Wageni Tisa

Kiangazi kile maji ya bomba yalikuja mtaani kwetu Alhamisi tu, tena kwa saa chache. Nyumbani mimi ndiye niliyetunga sheria. Nilitia kufuli kwenye bomba la tangi, nikaufunga ufunguo kwenye mshipi wangu. Kila mtu alioga kwa beseni moja. Maji ya kufua yalipigiwa deki, kisha yakaenda chooni. Mke wangu aliniomba maji ya chai kama mfungwa anayemwomba askari jela, nami sikuona aibu.

Binti yetu wa mwisho, ambaye ni mwalimu, alikuwa amechumbiwa na kijana wa kutoka magharibi, ukipita mji wa Turbo. Sikumtaka. Sababu yangu ilikuwa moja, kwamba hakuwa mtu wetu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa sikuthubutu kuitamka. Jumamosi moja watu wake walikuja, tisa, kuzungumza habari za ndoa.

Chakula kilipokuwa tayari, binti yangu alikuja kuomba ufunguo. Nilikwenda mwenyewe, yeye akashika jagi chini ya bomba, maji yakashuka kwa nguvu, nikajaza hilo moja tu.

"Baba, wako tisa."

"Nimewaona."

Alianza kumnawisha mzee wao, baba mkubwa wa kijana. Mzee alijipaka sabuni, akasugua, akanyoosha mikono asuuzwe.

"Hayo yanatosha," nikasema kutoka kitini kwangu.

Mzee alibaki na povu mikononi. "Sabuni haijatoka, mkwe."

"Huku kwetu ni kiangazi. Labda kwenu mnaogelea. Na mimi si mkwe wako bado."

Mmoja wao alicheka, akidhani ni utani. Shangazi wa kijana hakucheka.

"Mzee, nimeligonga tangi lako nikipita. Tangi tupu hulia. Lako halilii."

"Mama, umekuja kumposea kijana au kukagua tangi?"

Mzee wao alijifuta povu kwa leso yake, akasimama, na wote wakasimama. Chakula hawakukigusa. Mke wangu aliwafuata hadi langoni akiwaomba radhi. Mimi nilivuta sahani ya nyama nikaanza kula.

Yule mama alisema kweli. Tangi lilikuwa limejaa tangu Alhamisi. Sikuwa nikilinda maji. Kiangazi kilinipa tu kisingizio cha kumfukuza mtu bila kusema kwa nini.

Binti yangu alikusanya sahani zilizojaa chakula, moja baada ya nyingine. "Ungesema tu huwataki," akaniambia. "Hata hilo lingekuwa na heshima kidogo."

"Basi chagua. Mimi au wao."

Nilidhani lilikuwa swali gumu.

Wiki tatu baadaye walirudi, asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Shangazi alitangulia na mtungi wa lita ishirini, akautua mlangoni pangu.

"Tumekuja na maji yetu, Mzee. Usisumbue kufuli lako."

Majirani walikuwa nje, wakacheka. Mke wangu naye alicheka, mkono mdomoni. Ningecheka pamoja nao, mambo yangeishia pale pale. Wale ni watu wa utani, na ule mtungi ulikuwa njia yao ya kuniambia tuanze upya. Hilo nimelielewa nikiwa nimechelewa. Siku ile niliona matusi tu. Nikauinua mtungi, nikafungua kifuniko, nikayamwaga maji yote vumbini mbele yao.

Kicheko kilikatika. Jirani yetu mmoja, mama wa mapacha wachanga, ambaye siku moja kabla nilikuwa nimemnyima hata kopo moja, aliyatazama maji yakinywewa na udongo, kisha akanitazama mimi. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.

Binti yangu aliingia ndani, akatoka na begi lake. Aliokota mtungi mtupu, akampa shangazi, wakaondoka pamoja.

Walifunga ndoa huko kwao. Mdogo wangu ndiye aliyesimama mahali pangu kanisani. Mimi sikualikwa. Sasa wana watoto wawili ambao mke wangu huenda kuwaona, na mimi huonyeshwa picha kwenye simu yake. Nikimpigia binti yangu, anapokea na kunijibu kwa adabu, kama mwalimu anavyomjibu mzazi msumbufu. Mwaka jana nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu lote, tangu jagi hadi mtungi, na kwamba tangi lilikuwa limejaa.

"Nilijua limejaa, Baba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika jagi."

Kisha akasema ana darasa, akakata simu.