Usaili wa Kuachiana Kazi

Saa mbili na nusu asubuhi, makabati mawili ya umeme wa pampu yako wazi kwenye karakana ya mtambo wa maji. Mbele ya kila kabati ameinama msailiwa mmoja: kijana mwenye mikono myepesi, na binti asiye na haraka.

Anayewatazama ni mhandisi mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Mafundi humwita Mama Kipimo, kwa kuwa kipima umeme hakimtoki shingoni. Anatafuta mhandisi mmoja. Uongozi umeshamwonya: timu ikisambaratika tena, kazi atapewa mkandarasi.

Mwaka jana alikuwa na wahandisi wawili hodari, mafahali wawili katika zizi moja. Kila mmoja alifunga nyaya kwa namna aliyoijua mwenyewe. Mmoja alipoondoka kwa hasira, kisha pampu aliyoifunga ikazima, mitaa ilikaa siku tatu bila maji, mwenzake akihangaika kubaini waya upi unakwenda wapi.

"Niliajiri vichwa," anasema. "Timu sikuwa nayo."

Ghafla anapiga makofi. "Vifaa chini! Nendeni mkanywe chai, mafundi wangu watamalizia."

Kijana anashtuka. "Mama, nimebakiza kidogo tu. Nipe dakika tano!"

"Hata moja sina, baba."

Fundi mkongwe, Babu Nati, aliyekuwa akimpigia debe kijana tangu asubuhi, anaanza na kabati lake. Nyaya zimenyooka, zote nyeusi, hazina alama hata moja. Anazishika, anaziachia, anakuna kichwa.

"Kazi safi," anakiri. "Ila mjukuu wangu huyu kaondoka na ufunguo wa nyaya hizi kichwani mwake."

Kabati la binti halijafika hata nusu. Lakini kila waya una kipande cha utepe chenye namba, na mlangoni ameandika kwa chaki: *Nimeishia hapa. Swichi ya boya sijaipima.* Babu Nati anafuata namba, kisha anaruka.

"Kakosea! Namba saba kaiweka pa namba tisa!"

"Umeligundua baada ya muda gani?" anauliza Mama Kipimo.

Mzee anakohoa. "Sasa hivi tu."

"Haya, rekebisha."

Binti anaitwa, anaonyeshwa. "Ni kosa langu, babu. Asante kwa kuliona."

"Usinishukuru, shika bisibisi."

Kijana naye anataka kujua alipungukiwa na nini. "Wewe unajua kazi, baba," Mama Kipimo anamwambia, "lakini sisi hatukuweza kuipokea. Nafasi nyingine ikitokea, njoo tena, na uje na utepe."

Mpango wake ni mmoja. "Nataka siku moja niugue wiki nzima, na maji yasijue."

Saa tano pampu ya binti inawaka, na anaambiwa aanze kazi Jumatatu. Babu Nati haendi kupumzika. Anakata utepe, anaandika namba moja, na kuubandika kwenye waya wa kwanza wa kabati la kijana.