Shemeji Alipoyarudisha Mawingu

Kompyuta yangu ni kuukuu, lakini naijua kama ninavyowajua wanafunzi wangu wa fizikia. Nilipoanza kucheza gemu la ndege za kivita, ilikuwa ikiganda kila nikikata kona. Nilihangaika nayo wiki nyingi. Kwenye mipangilio ya gemu nikapunguza mawingu, nikaondoa vivuli na mng'ao wa maji, nikabakiza tu mita za mwendo na kimo zisomeke na ndege ya adui ionekane ingali mbali. Haikupendeza, lakini ilitii.

Kisha mdogo wa mume wangu akaja likizo kutoka Dar es Salaam na laptopu mpya. Jumamosi tukakubaliana kupambana, kila mtu na mashine yake. Majirani wawili wa hapa Shangani walikuja kutazama. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Madimba, alikaa nasi akibangua korosho.

Nilikwenda kuswali alasiri, niliporudi tukaanza. Nikaona bahari inametameta, mawingu yamejaa kama pamba. Kabla sijaelewa, shemeji akanipita. Nikakata kona kumfuata, ndege ikaganda. Ilipozinduka nilikuwa nimeshalipuliwa.

Majirani wakacheka.

"Shemeji, vita si chaki na ubao," akaniambia mdogo wa mume wangu.

"Nani kagusa mipangilio yangu?"

"Mimi. Ilikuwa mbaya, nikaona aibu watu waione vile."

Aibu. Hata anayeongeza chumvi kwenye chungu cha mwenzake huonja kwanza. Yeye hakuonja, hakuuliza, na bado akaongeza, "Mashine yako imechoka, usinilaumu."

Mama mkwe akaweka korosho chini. "Mwanangu, mimi hayo siyajui. Lakini ndege ya shemeji yako nimeiona imesimama hewani. Umemfunga miguu, halafu unamcheka?"

Nikamwambia shemeji akae kwenye kompyuta yangu, na mawingu yake yaleyale, mimi nikachukua laptopu yake. Alianguka baharini kabla sijamfyatulia risasi hata moja. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikarudi kwenye kiti changu, nikaondoa vivuli, mng'ao na mawingu, wote wakitazama, kisha nikamwita tuanze upya.

Akasema kichwa kinamuuma.

Aliondoka Jumatatu bila kuniomba radhi. Siku hiyohiyo nikaweka paswedi. Mume wangu anasema nimezidisha, yule ni ndugu. Sijazidisha. Ndugu pia hubisha hodi.